Sifungi Akaunti ya Marehemu

Ijumaa iliyopita mliniacha uani kwa shemeji yangu Majur, kule Bilpam, nimekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya wazee watano wa ukoo wa mume wangu. Swali walilonipa lilikuwa moja tu. Kwa nini mjane analipia muziki wa mtu aliyekufa?

Kwa wanaonisoma leo mara ya kwanza: naitwa Amer. Nimelelewa Eldoret, nikarudi Juba nikiwa mtu mzima. Ninaishi Munuki na binti yangu Nyandeng, ambaye ana miaka saba. Mwaka jana, mwezi wa tatu, mume wangu Mawien alipanda boti kwenda Malakal na boti ikapinduka karibu na Bor. Majur, kaka yake mkubwa, ndiye aliyekwenda kumtafuta. Alirudi na shati lake na habari kwamba amemzika kando ya mto, maana mwili haukuwa wa kusafirishwa. Wazee wakaenda, wakachinja ng'ombe kaburini. Mimi nikanyoa nywele.

Haya. Sasa jibu nililowapa.

"Siiachi."

Nilisema kwa Kiswahili, kisha nikarudia kwa Kidinka ili mzee Manyang, mkubwa wao, asije akasema baadaye kwamba hakuelewa.

Majur hakukasirika. Si mtu wa kukasirika ovyo. Aliwaeleza wazee taratibu, kama mwalimu, kwamba shemeji yake ana akaunti mbili za muziki kwenye simu, yake na ya marehemu, na zote mbili anazilipia kila mwezi. Akasema mwanamke wa namna hiyo hajatoka msibani, na yeye hawezi kumchukua nyumbani kwake awe mke wake, kama desturi inavyotaka wakati bado amemshika maiti mkono.

Akaomba mambo matatu. Niikubali nyumba yake. Nimpe karatasi zote za Mawien. Na ile akaunti niiache, nimpe yeye neno la siri, atakwenda kuifunga mwenyewe.

Ajabu ni kwamba jambo la kwanza alilitaja mara moja, la pili mara moja, na la tatu mara nne.

Mzee Manyang akaniuliza akaunti ni kitu gani. Nikamwambia ni mahali zinapokaa nyimbo alizozipenda Mawien, kwa mpangilio alioupanga yeye. Akafikiri kidogo. Akasema zamani nyimbo zilikaa kichwani mwa mtu, akifa zinakwenda naye. Wazee wakacheka, nami nikacheka, kwa sababu mzee Manyang nampenda.

Kisha akatoa hukumu, na hapo sikucheka. Nina mpaka Jumapili, baada ya kanisa. Nikikataa, Nyandeng atahamia kwa Majur, kwa kuwa ni mtoto wa ukoo. Mimi niende ninapotaka.

Nilitoka pale shingo nimeinyoosha.

Mnisikilize kwanza kuhusu hizi akaunti mbili, maana najua hata ninyi mnanicheka.

Kazi yangu ni kupiga muziki kwenye harusi na sherehe. Nina mwenzangu, Janepher, ambaye ana hema, viti na spika. Duka letu liko Atlabara, karibu na chuo kikuu. Akaunti yangu iko kwenye programu moja, na programu hiyo ina nyimbo za hapa Juba na za Uganda, mpya zote, zinaingia hata kabla bodaboda hawajaanza kuzipiga. Ya Mawien iko kwenye programu nyingine. Huko kuna rumba za zamani na nyimbo za Kenya tulizokuwa tukizisikiliza Eldoret kabla hatujaoana. Ukienda harusi ya watu waliorudi kutoka Kenya bila hizo, bibi harusi mwenyewe atakuja kukuuliza umekuja kufanya nini.

Kwa hiyo ndiyo, kikazi nazihitaji zote mbili. Hilo ndilo nililowaambia wazee. Ni kweli, lakini si kweli yote.

Sasa nakiri jambo nililowaficha wazee, na ninyi wasomaji niliwaficha pia.

Wiki sita kabla ya kikao kile nilikuwa dukani, nasikiliza nyimbo za Mawien huku nakunja vitambaa vya meza. Wimbo ukakatika katikati. Nikadhani ni mtandao. Nikaitazama simu, nikakuta ile programu imeandika kwamba muziki sasa unapigwa kwenye simu nyingine. Akaunti ile hairuhusu simu mbili kwa wakati mmoja, mwingine akianza, wewe unakatwa. Chini yake kukawa na jina la hiyo simu nyingine.

Simu ya Mawien.

Jina hilo niliiandikia mwenyewe siku tuliyoinunua. Na Majur alituambia simu ilizama mtoni pamoja na mwenyewe.

Kesho yake, saa kumi jioni, ikarudia. Keshokutwa, saa kumi, tena. Nikaanza kuacha kazi zangu saa kumi kasorobo na kukaa tu naitazama. Jina lile lilijitokeza, wimbo ukaanza, na mimi nikakaa nikijua kuna mtu mahali fulani anasikiliza ninachokiona. Muda wangu wa kazi nikauhamishia kwenye akaunti yangu, ile ya pili nikamwachia yeye, yeyote awaye. Hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kulipia mbili. Ningebaki na moja, mmoja wetu angenyamaza.

Nilimwambia mtu mmoja, Nyakuon, mke wa Majur, siku alipokuja kunisuka. Aliacha kusuka kidogo, kisha akaendelea. Wiki hiyohiyo Majur akaitisha kikao. Sikuunganisha, Mungu wangu, sikuunganisha.

Mtu wa pili alikuwa Janepher, na huyo nilimwambia baada ya kikao.

Janepher alikulia Adjumani, Uganda, na Kiswahili chake ni cha huko. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kalamu chini.

"Amer, wewe iko na masikio ngapi?"

"Mawili."

"Masikio mbili, lakini kichwa moja. Akaunti moja inatosha. Hiyo simu mwizi iliokota, inacheza bure na pesa yako. Badilisha neno la siri, fukuza yeye, kalas, imeisha."

Nikamwambia mwizi wa Juba hawezi kusikiliza rumba ileile kila siku saa kumi kwa wiki sita. Akasema mimi ndiye ninayetaka iwe hivyo. Akasema pia kwamba nitampoteza Nyandeng kwa sababu ya nyimbo, na kwamba mama mwenye akili angefunga kitu hicho leo hii na kubaki na mtoto wake. Hilo la Nyandeng liliniuma, kwa sababu nilikuwa nimeshajiambia mwenyewe.

Jumatano nikaenda kupima uwanja wa sherehe, simu nikaiacha dukani inachaji. Niliporudi Janepher alikuwa anatabasamu.

Alikuwa amezihamisha nyimbo zote za Mawien kwenye akaunti yangu. Mia mbili na kitu. Thelathini na moja hazikupatikana kwenye programu yangu, akasema malesh, si neno, hizo tutaishi bila. Kisha akazima malipo ya ile akaunti ya pili. Ingekatika yenyewe Ijumaa.

"Nimekuokoa," akasema.

Sikumtukana. Nilikaa kwenye rundo la viti nikamwambia kwamba mwaka mzima watu wananiokoa. Majur ananiokoa kwa kunioa. Wazee wanamwokoa mtoto wangu kwa kuninyang'anya. Nikamwambia, "Ukitaka kunisaidia, nisaidie ninachokitaka mimi." Siku mbili tulifanya kazi duka moja bila kusemezana.

Ijumaa ikafika. Saa kumi nikaikamata simu. Hakuna kitu. Saa kumi na nusu, hakuna. Akaunti ilikuwa imekatika, na huko aliko, mtu wangu alikuwa amenyamazishwa. Nikawa naona aibu, kama vile nimemfungia mtu mlango wakati anaongea.

Jumamosi mchana nikaamua. Wazee wanitake, wasinitake, nalipia. Nikaifungua programu, nikabonyeza mahali pa kulipa.

Ikaniambia hakuna haja. Imeshalipwa.

Nikadhani ni Janepher amejuta. Nikamuuliza, akaapa kwa jina la mama yake kwamba si yeye. Basi nikaenda kwenye barua pepe ya Mawien, ambayo tangu zamani iko wazi kwenye simu yangu. Risiti ilikuwepo, imefika asubuhi ile. Ilikuwa na namba ya simu ya aliyelipa, namba ya Uganda.

Nikaibonyeza ili nipige. Kabla haijaita, simu yangu ikaniandikia jina lenyewe, kwa sababu namba hiyo nilikuwa nayo siku zote.

Shemeji Majur.

Ni laini yake anayoitumia akienda Elegu, mpakani mwa Uganda, kununua bidhaa. Nikakata haraka.

Janepher alikuwa amesimama nyuma yangu, ameona. Alikaa chini taratibu.

"Hii si mwizi," akasema. Baadaye kidogo akaongeza, "Nisamehe." Nikamwambia nimeshamsamehe, anishike tu mkono.

Jumapili nilivaa gauni langu la buluu badala ya nguo nyeusi. Nilitaka Majur alione.

Baada ya kanisa tulikaa tena Bilpam, chini ya rakuba, kile kivuli cha matete. Wazee walewale, viti vilevile. Nyandeng akakaa mkekani karibu na miguu ya mzee Manyang, ambaye ni kama babu yake. Nyakuon alikuwa anapitisha chai. Majur akasema tusipoteze muda, shemeji atoe jibu.

Nikamwomba Nyakuon aweke sinia chini na atusomee kitu kwenye simu yangu. Nikawaeleza wazee ni nini: karatasi ya malipo ya akaunti ya marehemu, ya jana asubuhi, ambayo sikuilipa mimi.

Nyakuon akaisoma namba yote, tarakimu moja moja. Alipomaliza, bila kuulizwa na mtu, akasema, "Hiyo ni namba ya mume wangu."

Wazee wakageuka. Majur alikunywa chai yake. Akasema ndiyo, amelipa. Alisikia akaunti imekatika, akamwonea mjane huruma.

"Ulisikia kwa nani?" nikamuuliza.

Akasema kwa watu.

Nikawahesabia wazee kwa vidole waliokuwa wakijua kwamba imekatika: mimi na Janepher. Nikamuuliza pia huruma gani hiyo ya kulipia kitu ambacho wiki moja kabla aliniamuru nikiache. Akasema mambo ya wanawake na simu hayana maana, na kwamba mimi nakwepa swali. Je, nakubali nyumba yake au sikubali?

"Sikubali. Na akaunti siachi. Na mtoto simtoi."

Wazee wakaanza kunung'unika. Mmoja akasema nimelelewa vibaya huko Kenya. Nikamwambia nimelelewa na mama aliyevuka mpaka kwa miguu akiwa na watoto wanne, na kama huko ni vibaya, basi nimelelewa vibaya sana.

Ilikuwa karibu saa kumi.

Nikaiweka simu juu ya meza ndogo mbele ya mzee Manyang, programu ya Mawien ikiwa wazi. Nikamwomba avumilie kidogo tu, hata kama haelewi. Akanikubalia kwa kichwa. Majur akainuka nusu, akakaa.

Tulingoja. Kuku wanapita. Nyandeng anauliza tunangoja nini.

Kisha likajitokeza. Simu ya Mawien. Wimbo umeanza.

Nikamwonyesha mzee Manyang, nikamsomea. Nikamweleza kwamba kwenye programu hii naweza kuusimamisha wimbo wa huko nikiwa hapa. Nikabonyeza, ukasimama. Tukahesabu pumzi tatu hivi, ukaanza tena wenyewe. Kuna mtu ameuwasha. Nikausimamisha. Ukaanza. Nikausimamisha. Ukaanza. Wazee watano waliinama juu ya ile simu kama watu wanaotazama kisima.

Mara ya nne niliusimamisha, haukuanza tena.

Badala yake, simu ikaita mfukoni mwa Majur.

Hakuipokea. Iliita mpaka ikakata. Ikaita tena.

"Pokea," akasema Nyakuon.

"Nyamaza."

Mzee Manyang akanyoosha mkono wake. Katika ukoo ule hakuna mtu anayeuacha mkono ule hewani. Majur akampa simu. Mzee hakujua pa kubonyeza, akampa Nyakuon, na Nyakuon akabonyeza, akaiweka kwenye sauti ya wote.

"Majur," sauti ikasema. "Muziki unakatika tena. Si nilikwambia umwambie Amer aiache hiyo akaunti?"

Mimi nimeishi na sauti ile miaka tisa. Imeniita kutoka bafuni, imeniita kutoka barabarani, imenizomea na kunibembeleza. Sikuhitaji mtu wa kunithibitishia.

Nyandeng alikuwa amesimama. "Ni baba," akasema, si kwa mshangao, kama mtoto anayetaja rangi.

"Mawien," nikasema.

Nikasikia anapumua.

"Amer. Sikiliza. Iache hiyo akaunti. Mkubali Majur, atakutunza wewe na mtoto. Usiulize kitu."

Wasomaji, mwaka mzima nilijiandaa kwa maneno mengi. Nilijiandaa kwa ajili ya mwizi, kwa ajili ya mzimu, hata kwa ajili ya kaburi. Kwa hayo sikuwa nimejiandaa. Niliyempigania mbele ya ukoo wake alikuwa upande wa pili tangu mwanzo, na anachokitaka kutoka kwangu ni nafasi ya kusikiliza nyimbo zake bila kusumbuliwa.

Machozi yalikuja. Niliyaacha yatoke, lakini sauti yangu sikuiruhusu iyafuate.

"Nimekusikia," nikamwambia. "Sasa nisikie na wewe. Akaunti siachi, Majur simkubali, na nitauliza kila kitu. Nakuja huko ulipo."

Akakata.

Majur alikuwa anatazama kikombe chake. Mzee Manyang alijishika magotini akasimama, jambo linalomchukua muda siku hizi, akaenda mpaka mbele ya kiti cha Majur. Alizungumza polepole sana.

"Kule Bor nilichinja ng'ombe juu ya kaburi. Niliweka mkono wangu kwenye udongo. Mle ndani kuna nani?"

Nyakuon akavua kitambaa cha jikoni alichojifunga kiunoni, akakiweka juu ya meza, palepale kwenye vikombe. Aliniambia anajua Mawien alipo. Aliniambia amempikia wiki saba, tangu aliporudi Juba, na chakula anakipeleka yeye mwenyewe. Amechoka. Akasema hatavumilia kuletewa mke mwenza kwa uongo, hata kama mke mwenza huyo ni mimi.

Majur ndipo alipoinuka, akaenda kusimama langoni. Akasema nikitoka, nitoke peke yangu, mtoto anabaki kama ilivyohukumiwa.

"Kaa chini," mzee Manyang akamwambia. "Hukumu ile ilikuwa ya mjane. Huyu si mjane."

Nikamshika Nyandeng mkono. Tukapita mbele ya Majur, karibu kiasi cha kusikia anavyopumua, naye akasogea.

Tulitembea mpaka stendi ya bodaboda, Nyakuon akitangulia. Nyandeng alikuwa ananiuliza kama baba yake ana viatu huko, kwa sababu vyake viko nyumbani chini ya kitanda. Nikamwambia tutamuuliza.

Nyakuon akawaita vijana wawili wa boda, akawaambia Gumbo, ng'ambo ya daraja. Mimi na mtoto tupande ya kwanza, yeye ya pili. Nilikuwa nimeshainua mguu aliponishika bega.

"Mama Nyandeng," akasema. "Ukifika, atakayekufungulia mlango ni mwanamke. Ana mtoto mchanga mgongoni. Tafadhali usimguse, hana kosa."

Nikamuuliza ni nani.

"Ni mke wake. Walioana Kampala." Alimtazama Nyandeng, akaninong'oneza sikioni ili asisikie. "Yeye ameambiwa waliozama na ile boti ni wewe na mtoto."

Nilimweka Nyandeng mbele yangu, nikapanda, nikamwambia kijana twende.